Ulizia mkataba kabla ya Wi-Fi: uzoefu wangu wa meza ya kukodi

Natengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na ofisi yangu ni meza niliyokodi kwenye ukumbi mmoja wa ubunifu hapa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi, maana nina mazuri na mabaya ya kusema.

Intaneti haina shida. Umeme ukikatika, jenereta inawaka upesi. Kahawa ni ya bure, na ladha yake inaendana na bei.

Kazi ilikuwa kwenye karatasi. Ukifuatilia leseni ya biashara utaulizwa mkataba wa pango, na mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unataka anuani kamili, mpaka namba ya kiwanja na kitalu. Mimi nilikuwa nimepewa "mkataba wa uanachama" usiotaja hata chumba. Barua ya kuthibitisha kwamba nipo pale ilichelewa, halafu ikaja na ankara ya "huduma ya anuani", ilhali tangazo lao linasema kila kitu kimo. Na ukipata pango lenyewe, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo mpangaji ndiye huikata kwenye malipo ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, pamoja na ushuru wa stempu. Bei mliyokubaliana imehesabu hivyo au la? Uliza kabla hujahamia.

Mafunzo yao ya kila Alhamisi ni ya kushawishi wawekezaji. Mtu hana mteja hata mmoja, anafundishwa kugawa hisa! Sijaona faida yake.

Faida niliipata kwa dada wa meza ya pili, mhasibu, ambaye naye ni mweka hazina wa kikoba. Alipoona programu yangu inamruhusu mtu mmoja kuidhinisha mkopo, akacheka: "Kaka, sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Wewe umetupa ufunguo mmoja?" Sasa mkopo hautoki bila watu watatu kuthibitisha, na vikundi vilivyokuwa vinasitasita vimeanza kulipia.

Ni kwa majirani wa namna hiyo iHub, ukumbi wa ubunifu wa Nairobi uliofunguliwa 2010 Barabara ya Ngong, ulivuma: watu wa Ushahidi, jukwaa la kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, walikuwa jengo lilelile. Kabla hujalipa, nenda kashinde siku nzima, uone jirani zako watakuwa kina nani.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Nimewaomba waniuzie meza bila mafunzo, na mkataba wenye neno "pango" ndani yake. Wakikubali, naongeza ya nne.