Daktari wa mbwa anayekuja nyumbani, Tanga mjini: nyota nne, na sababu ya ile moja

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya saa, nitaifikia.

Mimi nauza spea za baiskeli Ngamiani na nakaa Kange, nyuma ya stendi ya mabasi. Mwaka juzi, ndani ya wiki mbili, wezi walipita na pampu ya kisima na majogoo matatu. Vijana wangu wakasema, baba, tufuge mbwa. Kwetu hilo si jambo la kusema leo na kutenda kesho. Nikaenda kwanza kwa shekhe wa mtaa, akanijibu bila kuzunguka: mbwa wa ulinzi hana tatizo, akae uani, awe na vyombo vyake, na akilamba chombo chenu kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mama mkwe wangu jibu hilo halijamwingia hadi leo. Akija husimama getini na kuuliza kwa pumzi moja: "Hodi, huyo mnyama amefungwa?"

Kosa la kwanza ni langu. Nilitaka mbwa wa kizungu, German Shepherd, masikio juu, mwizi akimwona atafute mtaa mwingine. Nikampata muuzaji kwa simu, picha safi, bei shilingi 250,000. Jina lake nalihifadhi. Nilipomwambia nije nimwone mama wa hao watoto, akasema kwake gari halifiki, tukutane barabarani. Akaniletea kitoto ndani ya boksi la mafuta ya kula, na kadi ya chanjo juu yake. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia nilikuwa nakusikia tu.

Siku ya tatu kitoto kikagoma kula, kikatapika, jioni kikaanza kuhara damu. Harufu ile sina la kuifananisha nayo. Ndipo jirani aliponipa namba ya daktari huyu, kijana aliyesoma Sokoine kule Morogoro na aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. (Ulizeni hilo la usajili. Siku hizi kila mwenye sindano na pikipiki anaitwa daktari.)

Alikuja, akaninong'onea shikamoo, akapiga magoti kwenye saruji kabla hajauliza habari za pesa. Akainua mdomo wa kile kitoto, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba na kuachia. Pale palipobonyezwa pakabaki peupe, damu ikachelewa kurudi. Akavuta ngozi ya shingo, nayo ikasimama palepale kama mkunjo wa karatasi. "Maji yamemwisha mwilini," akasema. Kisha akaomba kadi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Tarehe tatu za wiki tofauti, wino mmoja, mkono mmoja, hakuna stika hata moja. Akanionyesha kadi nyingine kutoka mkobani mwake: kila chanjo ina kijikaratasi kilichobanduliwa kwenye kichupa chenyewe, chenye namba ya toleo la dawa. Na yangu ilidai kitoto kilichanjwa kichaa cha mbwa kikiwa na wiki tano, wakati chanjo hiyo kwa kawaida huanzia miezi mitatu.

"Hii ni parvo, mzee, kirusi cha utumbo. Nitajaribu, lakini nisikudanganye."

Akaweka dripu siku mbili, akija asubuhi na jioni. Usiku wa pili kitoto kikafa. Alinidai dripu na dawa tu, gharama ya safari akaiacha. Yule muuzaji naye alinipigia wiki hiyohiyo kunipa mwingine kwa punguzo. Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo shekhe angelisikia.

Sasa, kilichonifanya nimwamini daktari huyu ni kwamba alinizuia nisinunue mbwa mwingine. Akasema gunia alilolalia marehemu lichomwe, saruji ioshwe kwa jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo thelathini vya maji, iachwe ilowe kama dakika kumi. Lakini uwanja wa mchanga hauoshwi kwa jiki ukaisha. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa humo miezi, hata mwaka. Kwa hiyo mbwa atakayekuja aingie akiwa amekwisha kumaliza chanjo zake huko alikozaliwa. Mfanyabiashara asingesema hivyo.

Tukangoja. Baadaye mlinzi mmoja wa shamba la mkonge, njia ya Pongwe, akasema jike lake limezaa sita. Mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya mchanga. Nilimlipa daktari 20,000 aende nami, na kama kuna pesa niliyoitumia vizuri katika habari hii yote ni hiyo. Hakwenda kwa watoto. Alikaa kwenye kivuli akamtazama mama yao kwa muda mrefu: anakula vipi, anamruhusu bwana wake aguse watoto au la, anatushtukia kisha anatulia, au anaendelea kubweka tu. Kisha akapiga makofi mara moja. Wawili wakakimbilia chini ya kitanda cha mlinzi, mmoja akaja mbio kutung'ata viatu, wengine wakashtuka, wakasimama, wakaja taratibu kunusa. Akasema nichague katika hao wa mwisho. Yule mng'ata viatu ndiye niliyempenda mimi, nakiri. Daktari akaniuliza nyumbani kuna wajukuu wangapi. Nikanyamaza.

Akamgeuza tuliyemchagua chali, akakagua kitovu, masikio, tumbo. Lilikuwa limevimba kama ngoma, minyoo hiyo. Dawa ikaanza siku ileile na kurudiwa kila wiki mbili. Chanjo za parvo zilichomwa kulekule kwa mama yake, ya mwisho akiwa na wiki kumi na sita. Mimi na kijana wangu mdogo tulikwenda kila Jumapili na dagaa mfukoni ili atuzoee. Tukamwita Dafu, maana kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili.

Ushauri wa lishe alionipa hauna mbwembwe. Ugali wa dona, dagaa waliooshwa hadi chumvi ikatoka, utumbo wa kuku uliochemshwa, maji safi muda wote. Makombo ya mchuzi marufuku kwa sababu ya vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa, na mke wangu hapiki kitu bila vitunguu vitatu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo marufuku, inachanika vijiti. Mnyororo wa mchana kutwa hakuupenda. Akasema mbwa anayefungwa hivyo anakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa mleta mkaa, kisha usiku amechoka.

Mwezi wa pili Dafu akatoka vijipu tumboni. Nikadhani ni kupe. Daktari akapaka mafuta mazito juu ya kimoja, akangoja, akabana pembeni, na likachomoza buu jeupe, nene, linajinyonganyonga. Vijana wakakimbia. Ni mabuu ya nzi anayetaga kwenye mchanga na nguo mbichi, na gunia la Dafu lilikuwa chini ya mwembe, mahali pasipokauka. Akayatoa yote kumi na moja, akatuhamishia gunia kwenye saruji juani. Hayajarudi.

Haya, ile nyota. Daktari akisema saa tatu, wewe hesabu alasiri. Simu yake nusu ya siku haipatikani. Siku ya chanjo ya kichaa nilifunga duka kumsubiri, akafika saa kumi na moja. Akafungua kile kiboksi chake cha baridi, akatia kidole ndani, akakifunga. Barafu ilikuwa imeyeyuka, umeme ulikatika tangu asubuhi. "Sichomi hii," akasema, "chanjo ikipata joto huwezi kuitegemea." Nilimsema, na nilimsema vibaya, mbele ya jirani. Akapokea, akarudi kesho yake saa moja asubuhi na barafu mpya, kichupa kikitoa jasho la baridi mkononi mwake, akabandika stika kwenye kadi mbele yangu. Lakini angepiga simu, bwana! Duka langu lina wateja.

Bei: ziara ya kawaida 15,000, chanjo ya kichaa nililipa 10,000 juu yake, ingawa kampeni za serikali zikipita mtaani mara nyingi ni bure. Mtoto wa jirani alipokwaruzwa na Dafu kwenye mchezo, daktari alinijibu usiku huohuo: sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali, hata kama mbwa amechanjwa. Kwa hilo hakunidai kitu.

Pampu mpya ina mwaka sasa na haijaguswa. Chanjo ya kurudia inaangukia Machi. Nimeshamwambia aje na barafu ya kutosha, na mama mkwe ameuliza ni siku gani ili asije.