Nimempima basenji wangu vinasaba vya figo: nyota nne kati ya tano

Mimi mtu wa Tanga, na Tanga niliyokulia mbwa hulala nje, akijipendekeza barazani anarushiwa kandambili. Nilipooa huku Minneapolis nikakuta mke wangu ana mbwa anayelala kwenye kochi, ilinichukua muda kuzoea. Ni basenji, aina ya mbwa wenye asili ya Kongo, jike, mwekundu kama mdalasini, na Mdalasini ndiyo jina nililompa likashika kuliko lake la kwenye cheti. Habweki. Akifurahi hutoa mlio kama mwimbaji wa taarab aliyeanza kabla fidla hazijakaa sawa.

Jirani yetu mzaliwa wa Kisangani alipoambiwa huyu ni mbwa gani alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Kilingala, basenji ni washenzi, watu wa porini. Yaani mbwa shenzi wa Kongo kachukuliwa kwao, kaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London mwaka 1937, na leo ana cheti cha ukoo na bei inayozidi kodi yangu ya nyumba.

Alipofika miaka sita akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka shamba. Bakuli linakauka mara nne kwa siku, usiku anatuamsha kwenda kukojoa, anakula vizuri na bado mbavu zinahesabika. Kliniki ya kwanza wakapima mkojo, wakakuta sukari, wakasema ni kisukari, tujiandae na insulini. Bahati nzuri mke wangu ni mbishi, akataka damu nayo ipimwe. Sukari ya damu haikuwa na tatizo lolote. Tukaenda kwa daktari mwingine, naye hata hajavaa glavu akauliza: "Huyu si basenji?"

Ugonjwa wenyewe unaitwa Fanconi. Mirija ya figo ina kazi ya kurudisha mwilini vitu vyenye faida kabla mkojo haujatoka. Kwa basenji aliyeurithi, ikifika umri fulani, mara nyingi kati ya miaka minne na minane, mirija inaacha kurudisha: sukari, potasiamu, fosfeti, baikaboneti, vyote vinaenda na mkojo. Ndiyo maana mkojo una sukari na damu haina shida. Mbwa kama huyo ukimchoma insulini unaweza kumuua. Dawa yake kubwa ni vidonge vya sodiamu baikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye kunde, pamoja na madini na vitamini, huku damu ikipimwa kila baada ya muda. Akiwahiwa anaishi.

Sasa kipimo. Daktari alitaka tuthibitishe kwa vinasaba, na zaidi alikuwa anamfikiria wa pili, kwa sababu wakati huo tulishanunua dume la miezi mitano kutoka kwa mfugaji mwingine. Huyo mfugaji, nisimtaje, alituapia kwamba ukoo ni safi na umepimwa. Tulipodai karatasi akatuma ya babu wa mbwa, na imeandikwa "huenda ni salama". Nikadhani ni unyenyekevu wa kisayansi. Kumbe kipimo cha kwanza, kilichotoka Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2007, kilikuwa kinasoma alama zilizo jirani na jeni, siyo kasoro yenyewe, ndiyo maana majibu yake yote yalianza na "huenda". Kinachosoma kasoro moja kwa moja kilikuja 2011. Ukiletewa karatasi yenye "huenda", hicho ni cha zamani, omba kipya, tena cha wazazi wenyewe.

Tuliagiza mtandaoni, haikufika dola mia kwa kila mbwa. Kifurushi kina vijiti vyenye brashi laini kichwani. Mbwa asile kwa saa nzima, kisha unazungusha brashi ndani ya shavu, sekunde thelathini kila upande. Mke wangu alimshika kichwa, mimi nikasugua, mate yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Mama angeniona angenihesabia maji mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka ukiguswa na mate ya mbwa. Nilipomaliza nikavitia vijiti vibichi kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga vizuri, nikajisifu. Kosa! Unyevu uliozibwa unaoza sampuli. Wiki tatu baadaye maabara ikajibu kwamba ya dume haikusomeka. Maelekezo yalisema vikaushwe kwa hewa na viwekwe kwenye bahasha ya karatasi, lakini yalikuwa nyuma ya karatasi ya malipo kwa herufi za mchwa. Hapo ndipo nilipoikata nyota moja. Walitutumia vijiti vingine bure, hilo nawashukuru.

Majibu: Mdalasini ana nakala mbili za jeni mbovu, kama daktari alivyobashiri. Dume ni mbebaji, ana nakala moja. Mke wangu alilia kwenye gari, akidhani na huyu anakwenda. Nikasoma tena ukurasa: mbebaji haugui Fanconi, anaweza tu kurithisha. Ukimpandisha kwa jike salama, watoto hawataugua, ila kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Hatari ni wabebaji wawili wakikutana, hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Nilimsikia mfugaji mmoja akisema wabebaji wote wahasiwe. Sikubaliani naye. Basenji wa nje ya Afrika walitokana na mbwa wachache mno, na ni uchache huo uliofanya jeni hili lienee. Wamarekani ilibidi warudi Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya, na chama chao cha mbwa kikafungua daftari la ukoo 1990 ili wageni waandikwe. Ukitupa kila mbebaji unairudia shida ileile kwa mlango wa nyuma.

Mdalasini ana miaka minane sasa, vidonge anameza ndani ya kipande cha jibini. Kwa wenye basenji ambao hawajapima vinasaba, kuna vijiti vya duka la dawa vya kupima sukari kwenye mkojo, vile vile vya wagonjwa wa kisukari, unampima mara moja kwa mwezi kuanzia miaka mitatu. Shida ni kuupata mkojo wenyewe. Sisi tunatumia upawa wenye mpini mrefu, alfajiri, unausogeza chini yake taratibu asije akashtuka. Mama alipokuja kututembelea mwaka jana, kabla hata hajavua koti nilimwonyesha upawa wenye utepe mwekundu nikamwambia huu usiuguse. Akauangalia, akaniangalia. Wiki zote sita alizokaa alipakua wali kwa kijiko cha chai.