Machozi bandia ya vichupa vidogo: yanamfaa aliyetoka kwenye leza?

Yanafaa, tena kuliko yale ya chupa kubwa. Baada ya LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni, siku za mwanzo mgonjwa huenda akaambiwa atie tone kila saa moja au mbili awapo macho. Chupa nyingi kubwa zina kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, kama vile benzalkoniamu kloraidi. Kwa mtu wa matone mawili kwa siku si neno, lakini kikiingia mara kumi na zaidi kinaweza kuchubua uso wa konea, kioo cha mbele cha jicho, na uso huo ndio unaohangaika kupona. Vichupa vya kutumia mara moja havina kihifadhi.

Kichupa kimoja huwa na takriban mililita 0.4. Zungusha kifuniko kikatike, kisha tone la kwanza litupe, maana plastiki inapokatika huacha chembe kwenye ncha. Tazama juu, vuta kope ya chini, dondosha moja, fumba taratibu kwa dakika moja. La pili ni la kulowesha shavu tu: jicho hubeba kama mikrolita 30, na tone moja hulijaza. Chozi likikutoka, lipanguse shavuni. Jicho lenyewe usilisugue, kwani ule utando wa konea uliofunuliwa na kurudishwa wakati wa upasuaji unaweza kusogea.

Kasoro zipo. Plastiki ni ngumu kuikamua, na ncha iliyokatika ina kingo kali, kwa hiyo mwenye mikono inayotetemeka aombe wa kumsaidia. Vingine vina kofia ya kufunikia tena, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kuweka akiba ya kesho kutwa. Dawa isiyo na kihifadhi haina kinga dhidi ya vijidudu. Fuata muda ulioandikwa kwenye maelezo. Kama haupo, tupa.

Ukiwa na matone ya antibiotiki na ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) pia, tia hizo kwanza, kila moja ikipishana na nyingine dakika 5, machozi bandia yawe ya mwisho. Ukianza nayo yanaweza kuzizimua dawa hizo. Ya jeli hukaa muda mrefu ila hutia ukungu, yaache kwa usiku.

Usiyakatishe kwa sababu jicho halikereketi. Leza hiyo hukata neva (mishipa ya fahamu) za konea, na jicho lisilohisi ukavu haliombi machozi. Neva hurudi kwa miezi.

Ngao ya plastiki ya kulalia, inayovaliwa kwa takriban wiki moja, ni nzuri. Plasta yake ndiyo yenye taabu: ibandike toka paji la uso hadi shavuni, isiguse kope.

Matone ya kuondoa wekundu yapite mbali. Hubana mishipa ya damu tu, ukavu unabaki palepale, na wekundu unaozidi pamoja na maumivu au kuona kunakopungua ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, si wa kufichwa.