Kiti cha Matairi Matatu: Miezi Minane Kwenye Vumbi la Busia

Haya jamani karibuni, wa Busia, wa Tororo, wa Malaba na nyie mnaoniangalia kutoka ng'ambo ya mpaka huko Kenya, salamu zenu wote. Leo mdogo wangu ndiye kashika simu, atakuwa ananifuata nyuma ili muone matairi yanavyofanya kazi na siyo uso wangu tu. Mliuliza sana kuhusu hiki kiti changu cha magurudumu, sasa nimekikalia miezi minane, mvua na kiangazi, naweza kusema kitu cha ukweli.

Kampuni siitaji, kwa sababu aina hii wanatengeneza wengi, tunaangalia umbo lake. Nyuma kuna matairi mawili makubwa ya upepo kama ya baiskeli, mbele kuna tairi moja dogo, na liko mbali, sogea karibu waone, liko mbele kabisa ya vidole vyangu vya mguu. Huo umbali ndio siri. Kile kiti cha kukunja cha hospitali mnachokijua kina vitairi viwili vidogo vilivyo karibu na visigino, kikigonga jiwe kinasimama ghafla na wewe unaendelea, unaenda chini na uso. Nimeanguka hivyo mara tatu, mara moja karibu na malori yanapopanga foleni ya mpakani, na simu za wateja mkononi. Hiki kikifika kwenye jiwe, uzito wako umebaki nyuma, lile tairi linapanda, linashuka, maisha yanaendelea. Halafu matairi matatu hayayumbi hata ardhi ikiwa mbovu vipi, ni kama mafiga tu, umeona wapi mafiga yanacheza?

Angalieni huo mtaro na huo ubao. Naenda polepole, tairi la mbele katikati ya ubao, haya, la nyuma la kulia... nimepita. Zamani hapa nilikuwa nasubiri mtu anibebe, na kuna siku nilisubiri mpaka jua likazama.

Sasa mabaya yake, nayo yapo. Hakikunjiki. Matairi ya nyuma unayachomoa kwa kubonyeza hii pini, tak, lakini frem inabaki ndefu, na konda wa taksi akiiona anaanza kuniambia nilipie kama mzigo wa mahindi, tunabishana kila wiki. Kukata kona ndani ya nyumba ni kazi, choo chetu cha nje ilibidi tubomoe mlango tuupanue, bila hivyo nisingeingia. Tyubu ikipasuka hakuna shida, ni ya baiskeli ya kawaida, fundi yeyote chini ya mwembe anaziba. Beringi ya mbele ndiyo inakula vumbi, usipopaka grisi mara kwa mara inaanza kulia kama panya. Na breki, nisikilizeni hapa, breki inashika kwa kubana tairi, kwa hiyo upepo ukipungua tairi linalegea na breki haishiki tena, unajihamisha kwenda kitandani na kiti kinakukimbia. Asubuhi kabla ya chai bonyeza tairi kwa kidole gumba.

Kingine, vishikio vya nyuma. Watu wanavishika wakusukume bila hata kukuuliza, wanadhani wanasaidia. Mama mmoja alinivusha barabara ambayo sikuwa navuka! Nilimwambia taratibu, mama shikamoo, ahsante, lakini uniulize kwanza. Hebu fikiria mtu anakushika kiuno sokoni anakupeleka anakotaka yeye.

Lakini kilichonifanya nirekodi hii vidio ni hiki nilichokalia, huu mto. Tangu nianguke kwenye mti sihisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Kiti changu cha kwanza nilipewa kwenye sherehe, hotuba, picha, makofi, hakuna hata mmoja aliyenipima. Kilikuwa kipana, nakaa nimelalia upande mmoja, chini ni turubai tupu. Ngozi isiyohisi haikuiti, nilijua nina kidonda pale dada yangu alipoona damu kwenye shuka. Miezi mitano nimelala kifudifudi, kibanda cha mobile mani kimefungwa, watoto wanakula kwa majirani. Kwa kiti cha bure.

Kwa hiyo nilipoenda kuchukua hiki, nilikataa kukikalia. Nikamwambia yule kijana anayegawa viti, nipime kwanza baba. Akanuna, akasema foleni ni ndefu, nikasema nitasubiri nyuma ya foleni ila utanipima. Akatoa utepe. Upana wa nyonga, ndio upana wa kiti, siyo zaidi. Urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, unatoa kidogo pale ili kiti kisikukate nyuma ya goti. Kutoka goti mpaka kisigino, ndipo kikanyagio kinapokaa. Dakika kumi tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa mwongozo wa viti kwa nchi kama zetu, ulikuwa na hatua 8, ndani yake kulikuwa na kupimwa, kujaribishiwa, kufundishwa na kufuatiliwa baadaye. Na Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 35, inasema sisi wenye ulemavu tuna haki ya kuheshimiwa na utu wetu. Sasa ukiambiwa wewe unapewa bure halafu unachagua, usiinamishe kichwa, hujaomba dhahabu, umeomba kupimwa.

Mwisho, fanyeni hili na mimi, tuone kama mto wako unabana ngozi mpaka ulete kidonda. Mwombe mtu unayemwamini, ndugu yako, aingize mkono chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu, kati ya kalio na mto wako. Dada, njoo. Kama ncha za vidole zinaweza kuchezacheza juu na chini, hiyo ni namba moja, uko salama. Kama hazichezi lakini anautoa mkono kirahisi, namba mbili, ni hatari inakuja. Kama vidole vimebanwa mpaka avute kwa nguvu, namba tatu, mto huo usiukalie, tafuta mwingine. Mimi... dada anasema zinacheza. Pande zote mbili, usipime moja tu. Haya, mkono chini sasa hivi, halafu niandikie kwenye komenti umepata namba ngapi, wa namba tatu nawajibu wa kwanza.