Nimelipia jibini ya mbuzi, nikaletewa na kiburi

Nianze na jamaa anayepokea simu za hawa watengenezaji wa jibini, maana ndiye aliyenikalisha chini kuandika haya. Nilimpigia kwa adabu zote kumwambia jibini zilizokomazwa za awamu hii zimefika zinanuka amonia. Sijamaliza, akanikata: "Dada, jibini ya mbuzi ndivyo inavyonuka. Kama hujaizoea, kula ya ng'ombe." Akaongezea kwamba watu hujiunga na mpango wao wa kulipia jibini kabla ya msimu ili kusaidia wafugaji wadogo, hawaji kutafuta kasoro.

Hujaizoea! Mimi?

Harufu ya mbuzi naijua. Imo kwenye mafuta ya maziwa yenyewe, na huzidi beberu akilala zizi moja na majike wanaokamuliwa. Hii haikuwa ya beberu. Ilichoma pua kama choo kisichomwagiwa maji. Ukungu mweupe wa ganda unapomeng'enya protini hutoa amonia, na kidogo si neno. Ndiyo maana jibini ya aina hii hufungwa kwa karatasi inayopitisha hewa. Wao safari hii wakaibana ndani ya nailoni mpaka ikatoka jasho. Nilipofungua, ganda likang'oka na nailoni, chini yake kumekuwa uji. Nikaiacha wazi muda mrefu, kwa sababu mara nyingine harufu hupotea ikipata hewa. Wapi!

Kinachoniuma zaidi, jibini yao naipenda. Ile mbichi hasa, sijala mfano wake. Maziwa wanayaacha yagande taratibu, kama siku nzima, kwa bakteria na matone machache ya kimeng'enya, kisha wanayateka kwa upawa na kuyatia kwenye vikopo vyenye matundu yajichuje, bila kuyakandamiza. Inatoka nyeupe pe, kwani mbuzi hugeuza karotini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye majani, kuwa vitamini A, umanjano hauingii kwenye maziwa. Inakatika laini, na uchachu wake unakuja mwishoni, ukishameza.

Na mpango wenyewe una akili. Unalipa kabla ya msimu, kwa kuwa mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na ile miwili ya mwisho huachishwa kukamuliwa apumzike. Mfugaji hapo hana cha kuuza, na zizini wanataka kula kila siku. Majimaji yanayochujwa, ambayo ni sehemu kubwa ya maziwa, wanawapa nguruwe. Wangeyamwaga mtoni yangemaliza oksijeni na samaki wangekufa. Kwa hayo nawavulia kofia. Ila tangu lini kumuunga mkono mfugaji kukawa kufumba mdomo? Pesa nilitoa mbuzi wale na mtengenezaji apate chake. Za kutukanwa sikutoa.

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Nimefuta. Naandika huku nakula ile mbichi iliyokuja kwenye boksi hilohilo, haina dosari hata chembe, na hasira ndiyo zinapanda upya: mtu mwenye mikono hii anamwachiaje yule simu?

Haya, tatu. Mbili za mbuzi, moja ya aliyeshika upawa. Pesa ya zile zilizooza naitaka irudi, yote. Msimu ujao huenda nikalipa tena, wakishaniambia nani anapokea simu.