Ziara ya kumbukumbu za vita jijini: nyota moja, pengine mbili

Si desturi yangu kuandika maoni juu ya huduma niliyolipia, lakini jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi moja ya msimu wa kusi uliopita, nilipompeleka mzee wangu kwenye ziara ya kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza hapa Dar es Salaam. Kampuni sitaitaja, na bei na ratiba zao mtajionea wenyewe. Nilikata tiketi mbili kwa sababu moja tu: babu mzaa baba wa mzee wangu alichukuliwa Uzaramo kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, hakurudi, na ukoo hauna kaburi la kuzuru.

Kijana aliyetuongoza hakumwamkia mzee. Hilo nilimsamehe. Tulipofika chini ya Sanamu ya Askari, ambayo mzee hadi leo huiita Bismini, kijana alianza kueleza kwa Kiingereza na hakutoka humo, ingawa kati yetu tisa wageni wa nje walikuwa watatu. Nilimwomba kwa upole atupe japo muhtasari kwa Kiswahili. Akanijibu mbele ya watu wote: "Kaka, ziara ni ya Kiingereza. Kiswahili ni siku za wanafunzi." Kisha akamgeukia baba yangu: "Mzee, wewe piga picha tu."

Piga picha tu! Mtu wa miaka sabini na minane, aliyeamka kabla ya alfajiri kupiga pasi kanzu kwa ajili ya siku hiyo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kijana alisema hayo akiwa ameyapa mgongo maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye nguzo ya sanamu yenyewe. Waingereza walioizindua mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann iliyoondolewa mwaka 1916, hawakuwa watu wa kutubembeleza, lakini hata wao waliona haya kuwakumbuka watu wetu kwa lugha ambayo ndugu zao wasingeisoma. Mzee alivaa miwani, akasogea, akaanza kusoma kwa sauti ya madrasa. Alipofika penye wapagazi, wanaotajwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, alinyamaza, kisha akarudia. Wageni wawili walimsogelea wasikilize. Kijana alitazama saa.

Haki yake nimpe, maana makaburini aligeuka mtu mwingine. Alieleza vizuri, safari hii akichanganya na Kiswahili, jinsi makaburi 660 ya vita hiyo yalivyohamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 ili kupisha barabara mpya, na alimkanya kwa adabu mgeni aliyetaka kuegemea jiwe la kaburi. Nilianza kujilaumu kwamba labda nimemhukumu mapema, na moyoni nikampandisha hadi nyota tatu.

Zilidumu mpaka tulipopanda gari kurudi. Nilimwuliza kama tutasimama Kariakoo, mtaa ambao jina lake ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopigiwa kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji. Akacheka. "Kariakoo? Pale kuna nini zaidi ya foleni na vibaka?" Basi huyu ndiye aliyekabidhiwa historia yetu aitembeze! Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki, vifo vyao hukadiriwa kuwa si chini ya 95,000, na wengi mno hawana jiwe wala jina popote. Katika ziara nzima ya saa nne, anwani pekee waliyoachiwa watu hao jijini inapitwa vioo vikiwa vimefungwa.

Kwa hiyo ni nyota moja. Ya pili nitaiongeza kwa ajili ya dereva, ambaye hakusema neno, ila alisimamisha gari Mtaa wa Msimbazi, hapo hapo Kariakoo, bila kuulizwa na kumshika mzee mkono hadi akashuka. Mzee aliomba kigoda kwa muuza kahawa, akaketi, akamsomea babu yake Fatiha katikati ya honi za bodaboda. Alipomaliza aliniuliza kama fedha ya tiketi yake inaweza kurudishwa. Nimeuliza ofisini kwao mara mbili, na mara zote nimejibiwa kwa Kiingereza.