Ozempic: kalamu ya sindano ya mara moja kwa wiki

Kwa kisukari cha aina ya pili, Ozempic inashusha sukari vizuri, ila haitaki pupa. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, dozi ya kuuzoesha mwili tu, kisha 0.5. Ukiruka hatua, jiandae kwa kichefuchefu: dawa hii huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kalamu yenyewe ni nyepesi kutumia, lakini wengi huchomoa sindano mapema mno. Kidirisha cha dozi kwenye kalamu kikifika 0, endelea kubonyeza kitufe, hesabu polepole hadi 6, la sivyo dozi huvuja. Sindano usiiache kwenye kalamu, hewa huingia. Dawa ikiganda kwenye friji, itupe hata ikiyeyuka. Unayetumia insulini pia, muulize daktari kama ipunguzwe, sukari isije ikashuka kupita kiasi.